Mchuma Janga Hula na wa Kwao



Wiki nyingi ukurasa huu hujibu maswali ya twahara, ya mirathi na ya malezi. Leo swali limetoka kwenye beseni la kufulia. Mama mmoja wa mtaa wa Bondeni, Nakuru, ambaye jamaa zake wa huku Pwani humpelekea gazeti hili, ameniandikia kwamba mwanawe ni fundi katika karakana za jua kali. Kazi yake ni kuondoa kutu na rangi kuukuu kwenye vyuma kwa kuvipuliza mchanga kwa nguvu ya kompresa. Hurudi jioni mweupe kama mtu aliyegaragara katika unga. Mama ndiye anayefua nguo zile, na mjukuu wa miaka 3 hucheza pembeni ya beseni. Kijana ameanza kukohoa. Juu ya hayo amemwomba mama amkopeshe Sh14,000, akiba aliyoiweka kwa kuuza mahamri, aongezee na yake anunue kompresa kubwa zaidi ili kazi iongezeke.

Mama anauliza mambo mawili. Je, ni dhambi kukataa kufua nguo za mwanangu? Na je, nimpe fedha hizi?

Nilikuwa na safari ya Nakuru kwa ajili ya nikahi ya jamaa, nikaona si vyema kujibu bila ya kuona. Nakuru ni mji wa vumbi hata kwa jina. Husemwa kwamba jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na tangu Desemba 2021, ulipopewa hadhi ya jiji, vumbi halikupungua. Lakini nililoliona katika karakana ile si vumbi la barabarani. Kijana alisimama katikati ya uwanja, leso ya mkewe imefungwa puani na mdomoni, anapuliza rimu ya pikipiki kwa mchanga wa ujenzi. Kijana mwingine, mwanafunzi wake, alikuwa akizoa mchanga uliokwisha kutumika, akiuchekecha ili utumike tena. Hatua chache kutoka hapo dada mmoja alikuwa akipika githeri ya kuuza. Wingu lile lilikuwa la wote.

Aliponiona alizima mashine, akaja mbio. "Shikamoo, sheikh." Nikamwitikia, tukakaa. Ni kijana mpole, mwenye bidii, anayelisha watu 6. Sikwenda kumgombeza. Nilimwuliza tu kama anajua kilichomo katika mchanga ule. Akasema, "Si mchanga tu, sheikh?"

Mama zangu, hapa ndipo penye shina la jambo. Mchanga wa mto, kwa sehemu kubwa, ni madini yaitwayo silika yaliyo katika umbo la fuwele. Chembe ya mchanga unayoiona kwa jicho haina hatari kubwa kwa pafu, kwa kuwa pua na koo huizuia. Lakini inapogonga chuma kwa kasi ya upepo wa kompresa, chembe ile hupasuka vipande vidogo mno, chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Vipande hivyo havionekani, huelea hewani kwa muda mrefu, na huingia hadi mwisho kabisa wa pafu, mahali ambapo kikohozi hakiwezi kuvitoa. Pafu hujaribu kuvizingira kwa makovu. Makovu yakizidi, hewa hukosa njia. Maradhi haya huitwa silikosisi, na hayana dawa ya kuyaondoa. Aliyenayo huwa pia mwepesi wa kushikwa na kifua kikuu. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kwa pumzi katika daraja la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na mchanga uliochekechwa ukatumika mara ya pili ni mbaya kuliko wa kwanza, kwani umekwisha kusagwa.

Leso haizuii kitu hapo. Leso huzuia kile unachokiona, na kinachoua ni kile usichokiona.

Haya si vitisho vya mdomoni. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hii katika kupulizia vyuma viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki, nchi ya Waislamu wenzetu, iliona msiba mwingine. Vijana walikuwa wakipuliza mchanga kwenye suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa kwa ajili ya mtindo. Wengi walifanya kazi ile miaka michache tu katika vyumba vidogo, wakaharibika mapafu wangali vijana, na wengine wakafariki. Serikali ya huko ilikataza kazi hiyo mwaka 2009. Tazama kilichonunuliwa kwa roho zile: suruali mpya iliyofanywa ionekane kuukuu.

Kijana akaniuliza swali la haki. "Sheikh, nikiacha mchanga nitapuliza nini? Mchanga ni wa bei ndogo. Hizo changa za dukani nitazilipia vipi, nami kila ninachopuliza huanguka chini kikapotea?"

Jibu hili sikulitoa kichwani mwangu, kwani mimi si fundi. Lilitoka kwa fundi mzee wa karakana ya jirani, aliyekuwa akitusikiliza akiwa ameinamia vifaa vyake. Alisema: "Unapuliza mchanga kwa sababu unapuliza nje. Puliza ndani ya sanduku, na utaweza kununua kilicho bora, kwa kuwa hutakipoteza." Wallahi maneno yale yalinifumbua macho. Kitu ghali kinachotumika mara nyingi kinaweza kuwa nafuu kuliko kitu rahisi kinachotumika mara moja. Sanduku hilo ndilo linalompa fundi wa kipato kidogo uwezo wa kuacha mchanga. Tukaketi sote watatu, wakachora kabati, nami nikaandika. Ninayaweka hapa kwa faida ya kila nyumba yenye fundi.

Kabati lenyewe ni sanduku la plaiwudi nene lililofungwa pande zote, upana wa sentimita 90, kina cha sentimita 60 na urefu kama huo. Chini yake kuna faneli ya bati yenye mteremko mkali, ili changa zilizotumika ziteremke zenyewe hadi mahali bomba la bunduki ya kupulizia linapozivuta tena. Mbele kuna matundu mawili ya mikono, yaliyozungushiwa vipande vya bomba la plastiki la inchi 6, na juu yake zimebanwa glavu nene za mpira zinazofika kiwikoni. Fundi hutia mikono tu ndani. Pua na mapafu hubaki nje. Juu kuna kioo cha kutazamia, na ndani ya kioo hubandikwa karatasi ya plastiki inayobadilishwa ikishakwaruzika. Ubavuni kuna mlango wenye bawaba, komeo na ukanda wa mpira, kama mlango wa friji. Viungo vyote huzibwa kwa silikoni. Taa ya ndani iwe ya volti 12, maana umeme wa nyumba hauchezewi katika sanduku la namna hii. Bunduki na meza ya chuma ya ndani viunganishwe na waya unaoshuka ardhini, kwa kuwa changa zinazosuguana huzaa cheche zinazompiga mtu mikononi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni njia ya vumbi kutoka. Hewa inayoingia kwa bunduki lazima itoke mahali, na ikikosa njia itapenya kila ufa. Basi nyuma huwekwa bomba la inchi 2 linalovutwa na mashine ya kufyonza, na katikati ya safari hewa hupita katika ndoo yenye maji ili vumbi lizame. Mwisho wa bomba uelekee mahali pasipo na watu. Mashine ya kufyonzea mazulia peke yake haitoshi, kwani mfuko wake hupitisha vumbi jembamba. Na ukimaliza kupuliza, ngoja dakika chache mashine ikiwa inavuta, ndipo ufungue mlango.

Hii hapa hesabu aliyoiandika kijana baada ya kuzunguka madukani, nanyi mjue kwamba bei hubadilika: plaiwudi na mbao Sh4,800, bati la faneli Sh1,200, bunduki na midomo yake ya akiba Sh3,200, kioo na karatasi za plastiki Sh900, glavu Sh1,100, taa Sh600, mabomba, mpira, bawaba na silikoni Sh1,700. Jumla Sh13,500. Mashine kuukuu ya kufyonza fundi mzee alimpa kwa hisani. Kati ya zile Sh14,000 za mama zikabaki Sh500, na hizo nikamwambia anunue barakoa za daraja la N95, azivae kila anapomwaga vumbi au kusafisha kabati.

Kabla ya hapo alitaka kupunguza gharama kwa kukata pipa la lita 200 alilolipata bure. Fundi mzee alimwuliza, "Lilibeba nini?" Hakujua. Hapo mzee akakunja uso. Pipa lililowahi kubeba mafuta au dawa ya kuchanganyia rangi hubaki na mvuke hata likionekana limekauka, na cheche moja ya kukatia huligeuza bomu. Mama zangu, mkiona pipa la namna hiyo uani, na mwana ameshika mashine ya kukatia, msione haya kumzuia. Huo nao ni urahisi ulio ghali.

Na cha kupuliza badala ya mchanga je? Kwa kutu, kuna oksidi ya alumini na changa za ganeti, ambazo katika kabati huzunguka mara nyingi kabla ya kuchoka. Kuna pia kioo cha chupa kilichosagwa. Ingawa kioo chenyewe hutokana na mchanga, kuyeyushwa kwake huiondolea silika lile umbo la fuwele, ndipo madhara yake yakawa madogo kuliko ya mchanga. Hata hivyo si cha kusagwa nyumbani kwa nyundo, wala si cha kuvutwa puani. Na kwa kazi laini, kama masizi, mafuta yaliyoganda au rangi inayobanduka, Bonde la Ufa limejaaliwa kitu ambacho wengi hukitia motoni: magunzi ya mahindi. Yakikaushwa vizuri, yakasagwa na kuchekechwa, husafisha bila ya kuukwaruza mwili wa chuma. Hayaondoi kutu nzito, na vumbi lake huweza kushika moto, kwa hiyo lisikaribishwe na cheche wala sigara.

Kuhusu kompresa kubwa, fundi mzee alimshauri kijana asiharakishe. Bunduki yenye tundu la hewa la milimita 3 hivi, kwa shinikizo la pauni 80, hula karibu lita 500 za hewa kwa dakika, na mashine ya nguvu-farasi 2 hutoa kiasi cha lita 200 tu. Tena Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,850, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko hii yetu ya Mombasa. Mashine ileile huko hupata kama sehemu nne kati ya tano za hewa. Kwa hiyo atapuliza kidogo, angoje mtungi ujae, apulize tena. Ni kazi ya polepole, lakini ni kazi inayowezekana kwa mashine aliyonayo. Mtungi autoe maji kila siku, kwani maji huleta kutu kwa ndani na mtungi uliooza huweza kupasuka. Kompresa mpya itakuja kwa faida ya kazi, in shaa Allah.

Sitaficha hasara iliyomo. Kabati la sentimita 90 halimezi geti la nyumba, na mageti ndiyo yaliyokuwa yakimpa fedha nyingi. Nilipomwambia asiyapulize tena uwanjani alinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye alisema atayasugua kwa brashi ya waya huku akiyalowesha maji, na yakimshinda atamwelekeza mteja kwenye karakana kubwa yenye chumba maalumu. Kabatini atabaki na rimu, vichwa vya cherehani, pasi za makaa, majiko na vipuri vya magari. Riziki itapungua kwa miezi kadhaa. Ni haki tuseme hivyo, kwa sababu ni rahisi kwa sheikh kukataza kisha akarudi kwake Pwani kula wali.

Sasa nayajibu maswali ya mama.

La kwanza: si dhambi kukataa kitu kinachokudhuru wewe na mjukuu wako. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba haifai kujidhuru wala kumdhuru mwingine, na mwanao hana haki juu ya pafu lako. Mafaqihi wa zamani walikwisha kujadili moshi wa tanuri na wa hamamu unaoingia nyumbani kwa jirani, na haki ya jirani huyo ya kutaka uzuiwe. Ikiwa jirani ana haki hiyo, mama ana nini? Lakini sikushauri ukatae ukaishia hapo. Mwambie avue nguo za kazi huko huko karakanani, azitie katika mfuko uliofungwa, aoge au angalau anawe kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zisikung'utwe wala zisifagiliwe kwa ufagio mkavu. Zitumbukizwe majini kwanza, zifuliwe peke yake, mtoto akiwa mbali. Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu rangi za zamani mara nyingi huwa na madini ya risasi, ambayo huharibu akili ya mtoto mdogo kwa kiasi kidogo tu. Na kile kikohozi kisitibiwe kwa tangawizi na asali peke yake. Aende hospitali apimwe kifua, na amweleze daktari kazi anayoifanya, maana asipoulizwa na asiposema, huenda isijulikane.

La pili: mpe fedha, lakini kwa ajili ya kabati, si kwa ajili ya kompresa. Wako watakaouliza kama sharti katika mkopo halileti shubha ya riba. Riba ni mkopeshaji kujipatia ziada, na wewe hapa huongezewi hata senti. Unamwelekeza tu mwanao asiitumie fedha yako katika madhara, na kwa fahamu yangu hilo halina ubaya. Wallahu aalam.

Nami naongeza la tatu, ambalo mama hakuliuliza. Yule mwanafunzi anayechekecha mchanga naye ana mama yake. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, nayo haikumsahau hata aliyejiajiri. Na kabla ya sheria ya serikali kuna amana. Mzazi anapomtoa mwanawe akafunzwe kazi, anamtoa mzima ili arudi mzima na ujuzi juu yake.

Wahenga wetu walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Kijana yule hakwenda kuchuma janga, alikwenda kuchuma riziki ya halali. Lakini janga lilimshika nguoni likarudi naye nyumbani, likaingia katika beseni la mama na katika pumzi za mtoto. Bei ndogo ya mchanga ilikuwa ndogo kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa ikilipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Tukisoma habari za Nabii Dawud (A.S.) katika Qur'ani Tukufu, tunakuta kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamfunza ufundi. Na ufundi aliofunzwa ulikuwa kutengeneza mavazi ya kuwakinga watu na madhara, na akaamrishwa avipime viungo vyake sawasawa. Basi fundi anayepima mbao zake, akaziba kila ufa ili jirani asimeze vumbi lake, yumo katika njia hiyo njema.

Juzi mama ameniletea salamu. Kabati limesimama, lina ufa mmoja kwenye faneli unaovuja, wanautafutia dawa. Nguo sasa hufika zimefungwa katika mfuko. Majibu ya kifua cha kijana bado yanangojwa. Nawaomba nyote tumwombee. Mwenyezi Mungu ampe afya yeye, mwanafunzi wake na dada yule wa githeri, na azifanye riziki zetu ziwe za halali kwetu na salama kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.